Tuyaandike Majina Kabla Mvua Haijayala

Hotuba kwa mashirika ya parokia, Bukavu, mwishoni mwa msimu wa mvua

Baba paroko, wazee wetu, mapapa na mamama, nanyi vijana mliokuja na madaftari: jambo yenu wote.

Nimeombwa niseme juu ya makaburi ya zamani, na najua neno hilo halipendezi sikioni. Kwetu mtu haendi makaburini bila sababu. Anakwenda kuzika, au kupalilia siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, kisha anarudi nyumbani na kunawa mikono. Kwa hiyo niseme mapema tunachofanya na tusichofanya. Hatuchimbi. Hatuhamishi jiwe. Hatuchukui hata msumari wa msalaba. Tunaingia kwa ruhusa ya paroko na ya wenye kilima, tunasali, kisha tunasoma kilichoandikwa na kukinakili. Basi.

Mahali penyewe baadhi yenu mnapajua, hata kama hamjapanda. Ukitoka Bukavu kwa njia ya Walungu unaliacha gari sokoni, unapanda kwa miguu kama saa moja. Juu kuna kuta za kanisa la matofali ya kuchoma. Lile tetemeko la Jumapili tarehe 3 Februari 2008 liliupasua ukuta wa altare toka juu hadi chini. Wakristo wakateremsha mabati, wakajenga kikanisa kipya karibu na barabara, na tangu hapo hakuna misa inayosomwa kule juu. Makaburi hayakuteremka. Yako nyuma ya sakristia, kati ya mikaratusi na mihogo ya jirani, na wageni wao wa kila siku ni mbuzi. Jirani hana kosa. Shamba ni dogo, watoto ni wengi, na hakuna aliyemwonyesha mpaka wa makaburi unapopita.

Mtaniuliza: parokia ina vitabu, mawe ya nini? Ni kweli, sheria ya Kanisa inataka kila maziko yaandikwe katika kitabu cha marehemu. Serikali nayo ina Kanuni ya Familia tangu 1987, na kifo ni cha kuandikishwa kama kuzaliwa. Lakini sisi ni watu wa Bukavu. Mji huu ulipigwa 1964, ukapigwa 1967, ukapigwa 1996, 1998, na 2004 tena. Hakuna nyumba humu isiyo na hadithi ya karatasi iliyopotea. Mama mmoja wa shirika letu alihitaji kuonyesha baba yake alikufa lini, kwa sababu ya shamba ambalo baba mdogo alidai ni lake. Ofisini wakamwambia kitabu cha mwaka huo hakipo. Parokiani wakamwambia vitabu vipo, lakini alete mwaka, maana hakuna mtu wa kupekua miaka thelathini. Mwaka hakuujua, alikuwa bado mgongoni wakati wa maziko. Tukaenda naye kilimani. Jiwe lilikuwa limelala kifudifudi upande mmoja, lakini tarehe ilisomeka. Kwa tarehe hiyo paroko alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari, na baba wa huyu mama alikuwa pale, na jina la mke wake, na jina la aliyemsimamia ubatizo. Jiwe si cheti na halitakuwa cheti. Lakini ndilo lililofungua mlango wa karatasi.

Uingereza parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Ungedhani watu wenye vitabu vya karibu miaka mia tano hawana haja na mawe. Lakini hukohuko kuna watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliostaafu, ambao Jumamosi zao huzimalizia katika viwanja vya makanisa ya mashambani yaliyofungwa, wakinakili jiwe moja moja. Kitabu kinasema fulani alizikwa siku fulani. Jiwe linasema alikuwa mke wa nani, alitoka kijiji gani, na watoto gani walimtangulia. Sasa tujipime. Wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Vitabu vyetu vya zamani kabisa vina umri wa babu na mjukuu wake tu, na si vyote vilivyosalimika.

Niwaambie juu ya kioo, maana ni kazi ya kioo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Kiangazi kilichopita tulikuwa na msalaba mmoja mfupi wa simenti, umeinama, uso wake laini kama kiganja. Ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini. Vijana wawili walikuwa wameshaandika kwenye karatasi yao: halina maandishi. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifunga kuni pembeni akasimama, akatuuliza: "Munatafuta nini huku kwa bafu?", yaani kwa wafu. Tukamweleza. Akautazama ule msalaba, akasema: "Ile iko na maneno. Mi nayaonaka asubui."

Alikuwa na haki. Asubuhi mwanga unakuja kwa ubavu, na mkwaruzo mdogo kabisa unapata kivuli. Mchana jua linamwaga mwanga juu ya kila kitu sawasawa na kivuli kinakufa. Nikamwomba kama kuna kioo nyumbani kwake. Akamtuma mjukuu, akarudi mbio na kioo cha kutundika ukutani, chenye fremu ya plastiki nyekundu, ufa kwenye kona. Kijana mmoja akasimama hatua tatu kando, akalidaka jua, akaulaza ule mwanga kwenye uso wa jiwe, toka kushoto, karibu sambamba nalo. Kwanza ukatokea msalaba mdogo. Kisha mstari wa jina, herufi zilizochorwa kwa msumari simenti ilipokuwa bado mbichi, moja kubwa, moja ndogo, kama za mtu asiyezoea kuandika lakini asiyetaka mwingine amwandikie. Kisha mwaka, mara mbili: alizaliwa 1951, alikufa 1951.

Kijana akasoma jina kwa sauti. Yule mama akauweka chini mzigo wa kuni. "Njo mutoto ya dada yangu," akasema, yaani ndiye. Hajui kusoma. Miaka yote aliyokuwa akipita pale na kuni zake aliona kwamba kuna maneno, na hakuwahi kupata mtu wa kumsomea. Jina sitalitaja hapa. Ni la familia yake.

Tangu siku hiyo tuna sharti moja ambalo silegezi: hakuna anayeandika "halina maandishi" kabla ya kulitembelea jiwe mara mbili, asubuhi na jioni, na kioo mkononi. Simu zenu zina tochi nzuri. Jioni mwanga wa tochi ukiulaza kwa ubavu unafanya kazi ileile.

Mkiingia pale mtavutwa na makaburi makubwa. Yapo machache ya Wazungu wa wakati wa Ubelgiji, bamba la granite au marumaru lililoagizwa mbali, maandishi yamechongwa ndani kabisa na mashine: ICI REPOSE, au kwa Kiflamandi HIER RUST, yaani hapa amepumzika. Hayo yatasomeka hata wajukuu wenu wakiwa wazee. Yetu ni ya simenti iliyochanganywa na mchanga wa mtoni, mchanga mwingi na simenti kidogo kwa sababu mfuko ulikuwa ghali, na maandishi yamekwaruzwa juujuu tu. Mvua ya hapa kwetu inaanza Septemba na kuachia Mei. Kila mwaka inaondoa ngozi nyembamba ya simenti, na jina ndilo lililo kwenye ngozi hiyo. Kwa hiyo tutaanza na simenti, na misalaba ya mbao iliyobaki, na marumaru yatangoja. Nimeona orodha za makaburi zilizofanywa kinyume, zenye kila Mzungu na hakuna Mushi, mtu wa vilima hivi, hata mmoja. Si kwamba aliyeziandika alikuwa na ubaya moyoni. Alianza na yaliyo rahisi kusoma, kisha muda ukamwishia.

Hapa niungame. Siku ya kwanza kabisa nilikwenda na brosi ya nyaya, ile ya kusugulia kutu. Nilitaka kuondoa yale madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa, ule ukungu mgumu unaoshikamana na jiwe. Nikasugua mara mbili, tatu. Herufi ya mwisho ya jina la mtu ilitoka ikaniangukia mkononi kama unga. Sikuwa nimeipiga picha. Jina hilo kwenye daftari letu lina pengo mpaka leo, na pengo hilo nimelifanya mimi, si mvua. Msirudie kosa langu. Hakuna brosi ya chuma, hakuna kisu, hakuna javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, wala siki wala limau. Javeli inaonekana kusafisha, lakini chumvi yake inabaki ndani ya simenti na kuimega polepole kutoka ndani. Msipake chaki wala unga wa muhogo ili herufi zionekane. Maji safi, brosi laini kama ya kufulia nguo za mtoto, na mkono mwepesi. Ule ukungu ukiwa umeshikamana, uacheni. Mara nyingine chini yake simenti ni salama kuliko mahali palipo wazi. Na jiwe likiwa linamung'unyika kwa kuguswa tu, hata maji msitie: piga picha, andika, ondoka.

Sasa tuje kwenye kuandika, na hapa naomba masikio ya vijana waliosoma sana, kwa sababu ninyi ndio mtakaoharibu. Andikeni kilichopo. Msiandike kinachopaswa kuwepo. Jiwe likikosea tahajia, nanyi koseeni vilevile. Mstari unapoishia, wekeni alama ya mshazari (/) ili anayesoma ajue mistari ilivyokatwa. Herufi mnayoikisia iwe ndani ya mabano ya mraba. Isiyosomeka kabisa, nukta moja kwa kila herufi. Wawili wasome jiwe moja bila kuambiana, kisha walinganishe. Wakitofautiana, yote mawili yaandikwe.

Kwa nini nakazia hivyo? Chukueni alama moja tu, ile koma ya juu. Katika Bushi, yaani kwetu Washi, mtoto wa kike huchukua jina la baba akitanguliziwa M na koma ya juu. Baba akiitwa Birindwa, binti ni M'Birindwa, yaani binti wa Birindwa. Kwenye simenti ile koma ni kidonda kidogo cha msumari, ndicho kinachofutika cha kwanza. Kijana wa mjini anakuja, anaona MBIRINDWA, anaandika Mbirindwa, na ukoo mzima umepotea: binti amekuwa mtu mwingine, pengine mwanamume, na baba yake hayuko tena popote. Kwa hiyo kila M iliyo mbele ya konsonanti iangalieni kwa kioo na kwa kidole. Mkiona alama hata kama punje ya mtama, iandikeni. Ni hivyohivyo kwa Kifaransa. NÉ, yaani amezaliwa, ni mwanamume, NÉE ni mwanamke. Herufi moja mwishoni. DÉCÉDÉ na DÉCÉDÉE, yaani amekufa, vilevile. Na h ya Kimashi msiile: rh haiandikwi r kwa sababu tu mashine ya fundi haikuizoea. Kama fundi aliiacha, msiiongeze. Kama aliiandika, msiiondoe.

Tarehe nazo zina mitego. Wabelgiji waliandika mwezi kwa namba za Kirumi: 12-VII-1934 ni tarehe 12 Julai, wala si herufi za shirika fulani. Namba 1 yao ina mkia mrefu, inafanana na saba. Saba yao ina mstari katikati, na mstari ukifutika inafanana na moja. Tatu iliyokula mvua inakuwa nane, na nane inakuwa tatu. Mkiwa na shaka, semeni mna shaka.

Kuna jambo jingine ambalo wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa. Nchi ilipoitwa Zaire, tangu 1971, na majina ya Kikristo kukatazwa mwaka uliofuata, mawe nayo yalitii. Mtaona mtu aliyekufa 1968 ana Joseph au Marie kwenye msalaba wake, na ndugu yake aliyekufa 1978 ana majina ya mababu peke yake. Baada ya 1990 yale ya ubatizo yanarudi. Sasa mkimtafuta yule wa 1978 katika kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1930, yuko humo kwa jina ambalo jiwe lake halina. Msiseme si yeye. Tafuteni jina la baba, la mama, la kilima. Mimi mwenyewe nilifundisha darasani miaka hiyo nikiitwa kwa jina ambalo mama yangu hakuwahi kulitamka hata siku moja, na nikifa jiwe langu litasema lipi sijui.

Kaburi la Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996, halihitaji daftari letu. Kila mtoto wa Bukavu anajua alipolala. Nawaza juu ya wale ambao hawana hata msumari uliowaandika. Upande wa chini wa makaburi yetu kuna safu ya mawe ya kawaida, ya mlimani, yamepangwa kichwani na miguuni. Hayana neno. Hayo pia yatapewa namba na kuwekwa kwenye ramani, kila moja, kama lile la marumaru. Wazee wa kilima wanaweza kusema huyu ni nani, yule alikuwa katekista, huyu alikufa kwa kuhara damu mwaka wa njaa. Andikeni maneno yao kama walivyoyasema, na nani aliyesema, na siku gani, lakini pembeni, msiyachanganye na maandishi ya jiwe. Na wako ambao hata jiwe la mlimani hawakupata. Mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji la Kongo, Force Publique, lilipovuka mto Ruzizi kwenda kupigana na Wajerumani mpaka Tabora, mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Vilima hivi vilitoa wapagazi. Waliokufa njiani walizikwa njiani. Mzee akiwatajia jina la mmoja wao, liandikeni hata kama hakuna kaburi la kulihesabia.

Baadhi ya mawe yamekwisha kuwa kokoto. Mnajua mama zetu wanavyokaa kando ya barabara wakiponda mawe na kuyauza kwa debe ili mtoto asifukuzwe shule. Jiwe lisilo na mtu wa kuliuliza ni jiwe tu. Wakiona watu wanakuja, wanasoma, wanataja majina, litakuwa kaburi tena. Sijui ulinzi mwingine ulio bora kuliko huo, ukuta hatuna fedha ya kuujenga.

Juu ya ramani nitasema kidogo. Simu inaweza kukuambia uko wapi, lakini inakosea mita kadhaa, na katika mita hizo kuna makaburi matatu. Kwa hiyo tunapima kwa mita ya fundi toka kona ya sakristia, tunachora kwa penseli, na namba ya kwenye mchoro ndiyo namba ya karatasi na ndiyo namba ya picha. Picha mbili kwa kila jiwe: moja ya karibu yenye rula pembeni, moja ya mbali inayoonyesha majirani zake. Andikeni pia linatazama wapi, limeinama au limevunjika, na limechorwa nini: kalisi, rozari, jembe. Kuna moja lina cherehani. Nani alikuwa fundi cherehani pale kilimani? Hilo nimewaachia.

Nakala zitakuwa tatu, parokiani, kwa mkuu wa kilima, na ya tatu mbali na hapa. Wenzetu wa Goma waliona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini tarehe 17 Januari 2002 na kuteketeza hata kathedrali. Nakala inayolala chumba kimoja na mama yake haijaondoka. Na makaburi ya karibuni, yale ambayo mjane au watoto wako hai, hatuyapigi picha kabla ya kubisha mlangoni kwao. Wakikataa, tunashukuru na kwenda zetu.

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Juni, majani yakianza kukauka. Tunaondoka mbele ya kanisa saa kumi na mbili asubuhi, ili tufike mwanga ukiwa bado wa ubavu. Kila shirika lilete vijana wawili wanaosoma na mzee mmoja anayekumbuka. Leteni penseli, kalamu za wino mvua inazifuta. Brosi laini, kidumu cha maji, na kioo. Kioo kikubwa cha ukutani ni bora kuliko cha mfukoni, kifungeni kwa kitenge kisivunjike njiani. Majembe na mapanga yabaki nyumbani. Nyasi tutazishika kwa mikono.